Majina Kumi na Moja Niliyojifanya Kuyaandika

Nimekosa. Wala msinihurumie, maana halikuwa kosa la bahati mbaya. Lilikuwa kosa la mtu mwenye majivuno, aliyesoma kidogo akadhani ameimaliza dunia. Nawaambia ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua hapa mjini Élisabethville, Kongo, wamekwisha kusikia.

Nilimdharau baba yangu mzazi, nikamdanganya. Sasa amekufa, na watu wanane kati ya kumi na mmoja wamepotea pamoja naye.

Baba alikuwa askari. Katika vita ya Wajerumani alikwenda kwa miguu hadi Tabora, akarudi na mguu mmoja mbovu na mbegu za mpunga ndani ya mfuko wake wa risasi. Wenzake waliorudi walitafuta kazi ya mgodi na ya reli. Yeye alikataa.

"Mi nilichimbaka kaburi ya benzangu," alisema. "Sasa nitachimba shimo ya mbegu tu."

Akapata kipande cha bonde kando ya mto Kafubu, akalima mpunga na kabichi mpaka uzeeni. Mpunga huo ndio ulionisomesha. Na mimi, msomi wake, niliona haya akija kwangu mtaa wa Kamalondo na matope miguuni! Nilimwambia apite mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma, jamani! Nyumba yenyewe vyumba viwili.

Kila mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha, kabla ya kupanda, baba alisimama wima pembeni mwa shamba akaita apeli, jina la askari mmoja mmoja, kama jeshini. Aliita wenzake kumi na mmoja waliokufa njiani kwa njaa na kuhara damu, ambao aliwazika kwa mikono yake. Kila jina alilijibia mwenyewe: "Prezan!" yaani yupo. Ofisa wao aliandika hesabu tu, kumi na mmoja, basi. Majina yote kumi na moja hayakuwa popote ila kichwani mwa baba.

Mwaka jana alikuja kwangu mchana, akaketi sakafuni ingawa viti vilikuwepo.

"Mutoto yangu, weye uko karani. Andika bale bantu. Kichwa yangu inaanza kusahau. Siku nitakufa, mubaite pamoja na miye."

Nikaudhika. Wiki ile nilikuwa nangoja wakubwa wa serikali waje nyumbani kukagua kama nastahili karti ya évolué, yaani Mwafrika aliyestaarabika. Wangetazama uma na visu, kitambaa cha meza, hata choo! Tena nilikuwa na fomu za kutia sahihi, na sahihi yangu haikunipendeza. Mkia wake niliuona mfupi.

Baba akaanza kuita. Jina la mtu, kijiji chake, jina la baba yake. Nami nikashika kalamu, nikajizoeza sahihi yangu. Ndiyo! Mzee anataja wafu wake, mimi narefusha mkia wa jina langu.

"Umeandika?"

"Ndiyo, tata."

Mara kumi na moja aliuliza, mara kumi na moja nikajibu ndiyo. Alipomaliza aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akasema merci kwa shukrani, akaitia katika mfuko ule wa risasi. Sikumbuki jina hata moja, kwa maana sikuwa nasikiliza.

Wakubwa walikuja, wakahesabu uma, wakausifu mwandiko wangu. Karti nilipewa.

Baba alikufa miezi minne baadaye. Makaburini walikuja wazee watano wa jeshi, wa vikosi vingine, wakajipanga mstari ili wawajibie wale marehemu. Mama akatoa karatasi mfukoni mwa baba, akaniwekea mkononi.

"Soma, mwana. Ndivyo alitaka."

Mtu mwenye akili angeanguka magotini akasema kweli. Mimi nilinyoosha kravati shingoni, nikaanza kubuni! Nikataja karani mwenzangu. "Prezan!" wakaitika wazee, mikono yao kwenye vipaji vya nyuso. Nikataja mpishi wa bosi wangu. "Prezan!" Nikataja golikipa. Nikataja mwenye baa. "Prezan!" Jina la tano likanitoka la fundi Ilunga, mshonaji wa barabara yetu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama.

"Eh! Miye niko muzima!" akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama alininyang'anya karatasi akampa fundi, kwa kuwa anajua kusoma. Fundi akaigeuza mbele na nyuma.

"Mama," akasema polepole, "humu muko jina moja tu. Ya mwana wenu. Iko mingi, inajaza karatasi yote."

Mama akanigeukia.

"Tata yako alibazika muzuri," akasema. "Weye umebatupa."

Wale wazee wakavunja mstari, wakaondoka. Hakuna aliyenipa mkono.

Mvua za mwaka huu zilipoanza nilimfuata mama shambani. Kwa kumsikia baba miaka yote, anakumbuka majina matatu tu. Aliyaita, akayajibia, kisha midomo ikachezacheza, akilitafuta la nne. Halikuja. Akainama akapanda. Nilipoomba jembe nimsaidie, aliniambia nirudi ofisini nisichelewe.

Makarani wenzangu, ninyi wa kofia na viatu vinavyong'aa, mnaowaficha wazazi wenu wageni wakija, mnisikie! Mzee akikuambia andika, andika. Usijifanye. Hajui kusoma, ndiyo, lakini iko siku karatasi hiyo itasomwa na anayejua.

Na wewe ambaye baba yako au mjomba wako alikwenda vita ile asirudi, pengine baba yangu ndiye aliyemzika, akalitaja jina lake na kijiji chake mbele yangu, waziwazi, mchana. Kama si mmoja wa wale watatu wa mama, usije kuniuliza. Sina la kukuambia.