Taa Isiyoona Pikipiki

Esnath, muuza chai wa njia panda ya Makambako, humwona kila asubuhi yule bodaboda wa koti la kijani akisimama peke yake kwenye taa nyekundu. Wenzake hupita hivyo hivyo, maana waya wa kuiongoza taa, uliofukiwa chini ya lami, huhisi chuma kingi cha magari tu. Pikipiki kwake si kitu. Yeye hushuka, akavua glavu zake za sufu, akailaza pikipiki taratibu juu ya ule waya mpaka chuma kikaribie lami na taa ikubali. Zamani mkewe ndiye aliyetangulia kushuka ili kumpisha, akasimama pembeni na ndoo yake ya parachichi, akimcheka. Mama wa watu wamemzika kijijini Uwemba, masika haya haya. Leo taa iligeuka kijani, bodaboda akainua pikipiki, akapanda, lakini hakuondoka. Alipeleka mkono nyuma, akafuta umande kwenye kiti.

“Kaka, nenda, imeruhusu!” Esnath akamwambia.

“Subiri kidogo, dada,” akajibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. “Hajapanda.”

Taa ikarudi nyekundu. Akashuka, akailaza tena.