Tulivyommeng'enya Dobi

Kaka yangu, Mungu ampumzishe, alikufa akiwa muuguzi, lakini mtaani hawakuacha kumwita Dobi, kwa sababu kabla ya kushika sindano alishika pasi. Baba alikuwa na duka la kufulia nguo mbele ya nyumba yetu, na Dobi alipiga pasi huku kitabu cha biolojia kimeegemezwa kwenye kopo la wanga. Kila ukurasa mgumu uliunguza nguo ya mtu. Mwalimu mmoja alirudi akilalamikia doa la kahawia mgongoni mwa shati, Dobi akamwambia limekaa kama figo kabisa.

Biolojia alishaifeli mara moja. Chuo cha uuguzi kilitaka aifaulu, na baba naye alikuwa na lake.

"Rudia mtihani, sikukatazi. Ila ukianguka tena, pasi hii ndiyo mkeo mpaka uzeeke."

Kilichomshinda hasa ni mmeng'enyo wa chakula. Alikariri, kikaingia, kikatoka. Basi jioni moja, duka likiwa limefungwa, akatupanga kwenye korido inayotoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Yeye akawa mkate, sisi tukawa mwili.

Shangazi alipewa kinywa, na hakuna aliyeshangaa. Alisimama mlangoni akamtafuna kwa maneno. "Ingia, mzembe wewe, ndevu zote hizo bado unaogopa mtihani." Baba akawa tumbo, kazi aliyokuwa na vifaa vyake. Alimkamata mabegani akamtikisa, na kwa ajili ya yale mashati alimtikisa kuliko somo lilivyotaka. Mama akawa utumbo mwembamba, unaofyonza kila chenye faida, akampekua mifukoni na kuchukua peremende, vifungo vya wateja na chochote alichokikuta. Mimi nilikuwa kongosho. Nilikaa ubavuni mwa mama na chupa ya kunyunyizia nguo, nikimrushia mkate majimaji yangu usoni.

Utumbo mpana ulikosa mtu. Tukamtazama babu.

"Mimi huyu ninayewaongoza kwenye sala?"

"Babu, kazi yake ni kuvuta maji tu," Dobi alimbembeleza. "Unanikausha. Taulo hili hapa."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ni mlango wa nyuma. Haukuhusu."

Babu akapokea taulo. Tangu hapo kila jioni Dobi alitafunwa, akatikiswa, akapekuliwa, akaloweshwa na kukaushwa, kisha akaupiga mlango wa nyuma kwa kiganja, ukalia, akatoka, akazunguka mbele kuliwa upya.

Jioni ya mwisho kabla ya mtihani, mama alikwenda kuangalia sufuria jikoni. Babu, aliyependa upepo wa dirishani, akahamia kiti cha mama. Dobi alipotoka mikononi mwa baba akajikuta anasuguliwa kwa taulo ilhali mkavu, chupa yangu haijamfikia. Mama akarudi, akamsimamia mkwewe.

"Baba, hicho si kiti chako."

"Kwani mwili haupumziki?"

"Mwili hauhamishani viti. Huyu akifeli, wewe ndiye utakayejibu kwa Mungu."

Kutajwa kwa Mungu kulimwinua.

Kesho yake swali likawa lilelile, safari ya mkate. Dobi alituambia kwamba alipolipita tumbo akili ilizima, akamwona babu na taulo lake. Alikuwa ameshaanza kuandika utumbo mpana alipojiuliza mbona anakaushwa na hajalowa. Hapo ndipo akamsikia mama. Akafuta, akamrudisha babu mahali pake, akaandika.

Alifaulu. Baba alishika pasi mwenyewe, akinung'unika, ila kila mteja aliambiwa kwamba kazi kubwa ilifanywa na tumbo.

Mwezi uliopita tulimleta nyumbani kwa sala ya mwisho. Jeneza liliingia mlango wa mbele, lakini gari lilishindwa kugeuza pale, likazungushwa nyuma, ikabidi atolewe kwa nyuma. Babu alishatangulia zamani, na mama, miguu ikiwa haina nguvu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha babu. Wabebaji walipoinua, shangazi, aliyekuwa mlangoni bila kusema neno tangu asubuhi, akasema polepole:

"Wifi, hicho si kiti chako."

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akashika ukuta mpaka ubavuni mwangu. Baba tayari alikuwa mahali pake. Jeneza lilipomfikia aliweka mikono yote miwili juu ya mbao, akalitikisa kidogo sana. Mama akalipapasa pembeni, usawa wa mifuko.

"Leo hana kitu," akasema.

Mimi sikuwa na chupa. Nilitoa nilichokuwa nacho, kikadondoka juu ya mbao. Kiongozi wa sala, aliyesimama kando ya kiti cha babu bila kujua, aliona matone, akatoa leso yake kwa heshima zote, akayakausha.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alifunika mdomo kwa khanga, mabega yakaruka, na baba akafuata, na mama, tukacheka mbele ya watu huku tukilia. Nimemwomba Mungu msamaha wa kicheko kile, ingawa siombi kwa bidii.

Mbebaji wa mbele alipofika mwisho wa korido, mkono mmoja ukiwa mtupu, aliusukuma mlango wa nyuma kwa kiganja. Ukalia vilevile.