Mashine Iliyopashwa Moto

Ferista hakununua kitu kabla hajakigeuza chini juu. Gunia la magege makavu alilifungua hadi kitako, maana aliwahi kuuziwa samaki wazuri juu, chini mchanga. Wachuuzi wenzake wa Tunduma walimtania kwamba hata mchungaji akimwinulia mkono wa baraka, yeye hutazama kwanza kama mkono huo umenawa. Ferista hakucheka. Wao hawakuwa Nanyala enzi zile yeye na marehemu mumewe, Efraimu, walipokuwa na mashine ya kusaga kando ya barabara kuu. Mashine hiyo waliuziwa na mtu mwenye tabasamu pana, ikaja kufa katikati ya mavuno, watu wamepanga foleni na madebe yao. Efraimu aliihangaikia hadi afya yake ikaondoka nayo. Alipomzika, Ferista alihamia Tunduma na binti yake Ruti, akabaki na sikio linaloijua injini inayoumwa, na moyo usiomwamini muuzaji.

Biashara yake sasa ilikuwa samaki wa Ziwa Rukwa. Huko bondeni, kwenye mwalo mmoja wa upande wa Kamsamba, wavuvi wanapopakulia samaki, alikuwa na boti ya mbao aliyomkabidhi mdogo wake, Edson. Boti ya dada, mikono ya kaka. Na mikono hiyo ilipiga kasia, kwa sababu boti haikuwa na mashine.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, ila kule ziwani ilibidi mtu apande kichuguu ndipo apate mtandao. Siku moja Edson alipanda kichuguu.

"Dada, nimepata mashine. Nguvu za farasi kumi na tano. Ya Makene, yule Msukuma mwenye ng'ombe hapa mwaloni. Anaiuza."

"Ina tatizo gani?"

"Haina tatizo hata moja. Ila uje haraka, dada. Watu wanaitolea macho."

Ferista alikata simu akiwa na maswali zaidi ya aliyokuwa nayo kabla haijaita. Mashine iliyotumika isiyo na tatizo hata moja hakuwahi kuiona. Na haraka aliijua: ndiyo nguo ya kwanza ambayo mwizi humvalisha mteja. Hata hivyo alipanda gari hadi Mlowo, akadandia lori la mizigo, akateremka milima kuelekea joto la bondeni, njia nzima akimwaza huyo Makene. Mfugaji anauza mashine ya boti kwa nini? Na kwa nini amuuzie Edson, ambaye moyo wake uko usoni?

Makene aliwapokea uani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, asiyejua kuinadi mali yake. Hakusema mashine ni nzuri wala mbaya. Hilo nalo likamtia Ferista shaka; muuzaji asiyesifu amejifunza ujanja mwingine. Mashine ilining'inia kwenye gogo chini ya kibanda cha nyasi, mkia wake ndani ya pipa la maji.

"Karibu mama. Ndiyo hii."

Ferista hakuiangalia. Alipeleka kiganja kwenye kifuniko, akakiacha hapo. Palikuwa na uvuguvugu.

"Imewashwa leo?"

Makene alifungua kinywa, lakini Edson alimtangulia. "Jua la huku hilo, dada. Huku hata mawe yana homa."

Ferista alitazama juu. Nyasi za kibanda zilikuwa nene, kivuli kimetulia. Injini mgonjwa ikipashwa moto kabla mnunuzi hajafika, huwaka mara moja kama mzima. Ugonjwa wake unajulikana ikiwa baridi. Mambo hayo aliyajua tangu Nanyala.

"Basi nitangoja ipoe," alisema, akavuta kigoda.

Mke wa Makene, Rosemary, alileta ugali na kambale wa kuchemsha. Ferista alinawa, akala kidogo, akijiuliza kama ukarimu ule ulikuwa wa kweli au wa kulainisha. Edson hakukaa. Alizunguka uani, akachungulia ziwa, akarudi, akasema lori la mwisho litaondoka. Ferista alisema litaondoka na lingine litakuja. Kila mara Edson alipopita karibu na mashine, macho ya dada yalimfuata.

Ilipopoa kabisa, Makene alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikatulia na kuanza kutema maji pembeni, mkondo imara usiokatika.

"Umeona!" Edson alipiga makofi. "Inakojoa vizuri. Dada, tumalize."

"Izime."

Alivuta kamba polepole kwa mkono wake mwenyewe, akasikia jinsi injini ilivyoshindana naye, mgandamizo ulikuwapo. Akachomoa plagi, akainusa. Akashika propela na kuitikisa huku na huku. Haikucheza. Mpaka hapo hakupata kosa, na kutopata kosa kulimkera kuliko kulipata.

"Naomba bisibisi. Na kibakuli."

"Vya nini?" Edson aliuliza.

"Nataka kuiona oili ya gia."

"Dada! Unataka kubomoa mali ya watu? Hujanunua bado!" Sauti ya Edson ilipanda, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Makene alimgeukia Edson taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye kesi isiyomhusu.

"Kwani hukumwambia?"

 Ferista alisimama. "Aniambie nini?"

 Makene alichukua bisibisi, akainama, akalegeza skrubu ya chini ya gia. Oili ilitoka nzito, rangi yake kahawa iliyotiwa maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

"Sili imekufa," alisema. "Kile kimpira cha kwenye shafti ya propela. Mama, mimi nilimweleza huyu siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia, mwambie dada yako, msiitumie hivi hivi, gia zitaliwa. Leo asubuhi amekuja, akasema anaiwasha kidogo ili usije kusumbuka kuvuta kamba. Nikaona ni heshima ya ndugu kwa ndugu."

 Tangu Mlowo Ferista alikuwa amemchunguza Makene, mkewe, hata kambale wao. Hakumchunguza aliyezaliwa naye tumbo moja. Na pale alipomfuata kwa macho, bado alidhani kaka yake amedanganywa, si kwamba anadanganya.

Alitoka uani, Edson akamfuata hadi kando ya maji, boti zilipofungwa. Ferista alimgeukia.

"Wamekupa nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu."

"Edson."

"Hakuna, dada! Naapa kwa kaburi la mama." Alikaa kwenye ukingo wa boti, mabega yamemwanguka. "Ningekuambia sili imekufa, ungekuja?"

Ferista alitaka kusema ndiyo. 

"Usingekuja," Edson aliendelea. "Mwaka juzi nilikutafutia ile mashine ya Ivuna, ukasema rangi yake mpya inaficha kitu. Mwaka jana nyingine, ukasema bei yake nzuri mno. Wenzangu wote wameshanikimbia, wako kwenye boti zenye mashine. Naingia ziwani na vibarua wasiojua kuogelea. Msimu uliopita upepo ulitusukuma hadi kwenye matete, tukalala humo na viboko wakipumua karibu yetu. Hulijui hilo."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Ungesema nimeuza samaki mahali pengine, natafuta kisingizio."

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu ndivyo angesema. Alilitazama ziwa, maji yake ya rangi ya udongo. Hasira yake kwa Edson ilikuwa pale pale, haikupungua, ila sasa ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye.

"Ulichofanya ni kibaya," alisema mwishowe. "Gia zingeliwa, ungezimikiwa katikati ya ziwa, na mimi ndiye ningekuwa nimekununulia kifo."

"Najua."

Walirudi uani. Ferista alimuuliza Makene kwa nini anauza. Makene alisema ng'ombe hawataki bwana mwenye mambo mawili; malisho yamekwisha na familia inahama. Ferista alipoenda jikoni kurudisha vyombo, alimuuliza Rosemary swali lile lile, mnong'ono. Rosemary alicheka. "Dada, wewe! Ni kweli tunahama. Nyungu zangu nimeshazifunga."

Hapo ndipo alipoona aibu, na papo hapo akaona ameridhika. Akakubaliana na Makene kwamba ataichukua mashine ikipata sili mpya. Ile iliyokufa ilitolewa, akaifunga kwenye pindo la kanga na kupanda nayo Tunduma. Huko madukani hakupata saizi yake. Akavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, akaamkia kwa Kibemba "mwapoleni" duka kwa duka hadi akaipata. Akaipima kwa ile ya zamani mara mbili, akarudi nayo bondeni.

Fundi wa mwaloni alipoifunga na kumimina oili mpya, Ferista alisema anataka wote watatu, yeye, Edson na Makene, waingie ziwani. Alikuwa anaogopa maji. Hilo Edson alilijua, akampa mkono. Makene aliendesha hadi nyumba za mwalo zikawa nukta. Waliporudi, skrubu ilifunguliwa tena. Oili ilitoka safi, inang'aa kama asali mbichi. Ferista aliichovya kidole, akaisugua, akainusa.

"Naichukua," alisema.

Baada ya hapo walikaa muda mrefu bila mazungumzo ya ndugu, ni samaki tu waliopanda na salamu za kupitia kwa dereva wa lori. Kisha siku moja simu ikaita, upepo wa kichuguuni ukivuma ndani yake.

"Dada, plagi imeungua. Nilikuwa mbali kidogo, nikarudi kwa kasia."

Swali lilimfika Ferista mdomoni: iliunguaje, oili ulichanganya na petroli kiasi gani, uliazimisha mashine kwa nani? Alilimeza, kwa shida kama mfupa.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Nakutumia nyingine kesho. Na ya akiba."

Upande wa pili Edson akaanza kusimulia safari yote, toka alipotega nyavu hadi mkono ulipomfa ganzi, na Ferista akamwacha aseme mpaka salio lake likaisha.