Jamu ya Tako Wazi

Nesta Tranter alikuwa na mti mmoja wa medla nyuma ya nyumba yake huko Herefordshire, Uingereza, na ukaidi wa kutosha kijiji kizima. Medla ni tunda linaloliwa likishaanza kuoza, na chini limejifunua vile kwamba ukiligeuza tu, hata uwe na adabu za kanisani, jina linakujia lenyewe. Mama yake aliliita kama bibi zake wote walivyoliita: tako wazi.

Neno lenyewe kwao ni arse, na Waingereza wa kale walilitamka bila kupepesa macho. Yupo hata ndege wa vilimani ambaye jina lake zuri la leo lilianza kama "tako jeupe". Sisi nasi si tunaambiana tukae kitako? Bunduki si ina tako? Nani amezimia? Lakini huko wakatokea wa kujitia ustaarabu, wakalitupa kwenye kapu la matusi. Nesta alipolitamka shuleni, mtoto mdogo, mwalimu alimchapa, kisha akamwita mama yake na kumgombeza mbele ya darasa zima. Mama hakulitamka tena mpaka anakufa. Hilo ndilo lililomkaa Nesta rohoni.

Jengo la shule hiyo sasa ni ukumbi wa kijiji. Basi kwenye maonyesho ya Novemba, penye mashindano ya jamu, Nesta akaweka mezani chupa yake, imebandikwa: JAMU YA TAKO WAZI, YA MAMA YANGU.

Mwenyekiti Lionel Amphlett akaiva mpaka masikio.

"Nesta, jamani! Andika medla kama watu wengine, au chupa itoke."

"Haitoki."

"Kuna watoto humu!"

"Kwani wao hawana matako?"

Watu wakaangua kicheko. Nesta akatoa medla kwenye mfuko wa aproni, akaiweka mezani, chini juu. "Haya, mwenyekiti, lipe jina wewe."

Lionel akaitazama. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Ina... umbo la nyota."

"Nyota gani hiyo ya kukalia!" akadakia Beryl, jirani yake Nesta. Hapo hata kasisi akashindwa kujizuia.

"Haya, ibaki!" Lionel akafoka. "Ila mdomo wangu mimi kulitamka neno hilo, ng'o!"

Jaji alikuwa mwanamke mgeni, mkavu, asiye na mzaha. Alionja kijiko cha jamu ya Nesta, akapita, akarudi, akaonja tena. Kisha akamkabidhi mwenyekiti chupa iliyoshinda aitangaze, maana pale jamu hutangazwa kama ilivyoandikwa.

Lionel akaisoma chupa. Akamtazama jaji, jaji akamkazia macho. Akashika kipaza sauti.

"Mshindi wa jamu ni Nesta Tranter, kwa... kwa jamu yake ya..."

"Hatusikii!" akasema Beryl.

"TAKO WAZI!" Lionel akapasua, na spika zikalipeleka mpaka barabarani. "Tako wazi, ya mama yake! Mmeridhika?"

Wee! Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na akina mama wa kwaya wakalirudia kwa sauti zote nne. Nesta akaenda mbele analia na kucheka, akaikumbatia chupa yake.

"Rudia tena, Lionel," akasema. "Mama alikuwa hasikii vizuri."