Umuravumba wa Shangazi

Nimechoka na majani. Kazi yangu katika maabara ya chuo, hapa Gisenyi, ni kupima kama dawa za mitishamba zinaua bakteria, na nyingi haziui kitu. Nanusa majani mpaka chai yangu ina ladha ya majani. Lakini ya shangazi niliyapima roho mkononi, kwa sababu ya mguu wake.

Alikuwa na kidonda juu ya kifundo, na kilishaanza kunuka. Kila asubuhi alikiosha kwa maji ya umuravumba, jani lenye harufu kali lililoota uani kwake Bugeshi, na hospitali hakutaka kuisikia. Tukabishana mpaka tukapatana: nichukue usaha wake niende nao maabara. Majani yakishinda, nifunge mdomo. Yakishindwa, anapanda gari na mimi.

Nikaotesha bakteria wake kwenye sahani za jeli, nikaweka vitone vya dawa. Kesho yake, palipokuwa na majani yaliyolowekwa kwenye spiriti, pombe kali ya maabara, kama tunavyofanya sisi, palikuwa na duara safi kabisa. Spiriti tupu iliyokauka haikuua kitu, kwa hiyo sifa ilikuwa ya majani. Ila penye maji aliyochemsha mwenyewe, bakteria walikuwa wamejaa tele.

Ningeweza kumwambia majani yameshindwa, yaishe. Nilichoka kiasi hicho. Lakini nikapanda Bugeshi, nikamweleza yote.

"Yanaua, shangazi. Ila mpaka yalowekwe kwenye pombe."

Alinitazama kama nimemtukana. Shangazi ameokoka, mtu mwenye chupa ya bia hakanyagi sebuleni kwake.

"Pombe kwa mwili wangu? Mutoto wa kaka yangu, hapana! Bon, tuende kwa muganga wa hospitali."

Njiani sikuthubutu hata kutabasamu.

Hospitalini muuguzi akalowesha pamba, akamshika mkono amfute kabla ya sindano. Harufu ya spiriti ikajaa chumbani. Shangazi akauvuta mkono wake, akanigeukia. Niliogopa kwelikweli. Akitoka pale leo, nilijua, harudi, na mguu ule haukuwa wa kungoja.

"Hii iko nini?"

"Dawa, shangazi," nikasema.

Shangazi akafumba macho, akaunyoosha mkono.

"Na we ungesema vile tangu mbele," akanong'ona.