Siku Niliyojizeesha kwa Ajili ya Dawa za Mama Mkwe

Jamani, hii aibu nimekaa nayo nikidhani itapoa, lakini kwa kuwa sasa nusu ya Migori wanaisimulia na kila mtu anatia chumvi yake, bora mnisikie mwenyewe, mcheke, tumalize.

Mama mkwe wangu anaishi Uriri na ana presha. Tangu baba mkwe afariki dawa zake nanunua mimi, zile za boksi la kumetameta alizoandikiwa mara ya kwanza, na sisi tukazishikilia kama dini. Sasa biashara yangu ya viatu vya mitumba hapa Suna ikayumba, dawa nazo zikapanda bei, na mwezi huo nikashindwa kabisa. Kumwambia? Thubutu! Kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inachosha, huli naye meza moja, hulali chini ya paa lake, na shida za mfuko wako humpelekei. Lakini yule mama alishawahi kushikwa na kizunguzungu akaanguka akiteka maji kwa kukosa dawa, kwa hivyo nilikuwa na hofu, hofu ya kweli.

Ndipo mteja mmoja akaniambia kuna kituo cha afya upande wa Homa Bay ambako wazee wenye presha wana kikundi, dawa wanaletewa kwa pamoja na kwa bei ya chini, ila sharti mgonjwa afike mwenyewe apimwe. Nikawaza (hapo ndipo shetani alipovuta kiti): mimi nina mvi tangu ujana, na huko ni mbali, nani atanijua? Nikavaa koti la marehemu baba, nikashika fimbo yake, nikaenda nikichechemea ingawa miguu yangu haina neno.

Pale barazani wazee wamejaa kwenye mabenchi. Nikamwambia sista nina miaka sabini na moja na presha ya siku nyingi. Akanipima, akanitazama, akapima tena.

"Mzee, presha yako iko poa kuliko yangu. Dawa ya nini?"

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Mimi nikasema sista, ngoja nipumzike kidogo utanipima tena, kisha nikazunguka nyuma ya choo nikaanza kukimbia, naruka, nachuchumaa, na lile koti zito, jua la saa sita, mpaka nikaona nyota. Niliporudi natweta hivi, jasho linachuruzika, sista akapiga kelele, "Mzee anazidiwa!" Kufumba na kufumbua nimelazwa kwenye benchi, koti limevuliwa, shati limevuliwa, kifua wazi, na kina mama wanne wananipepea kwa leso huku mmoja akiniombea kwa sauti.

Leso moja ikasimama.

Nikafungua jicho. Yawa! Mama mkwe wangu, mzima mzima, amenisimamia kichwani, na mimi tumbo nje. Akajifunika uso, akageukia ukuta. Nawaambia, kama ningeweza kufa pale kwa hiari yangu, ningekufa.

Na kwa kuwa hakuweza kusema nami katika hali ile, akasema na ukuta: "Sista, mwambie huyo mtu avae shati. Si mzee huyo. Ni mume wa binti yangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Nilivaa shati nje ndani. Sista akauliza, mama, na wewe umetoka Uriri mpaka huku kufanya nini?

"Mwambie nimekuja kujiunga," akasema, bado anatazama ukuta. "Mwambie naona viatu haviuziki, na bado ananinunulia dawa ghali. Nimekuwa nikikata tembe nusu nusu ili zisiishe haraka. Nilikuja mbali asijue."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikajibu, "Sista, mwambie mama nilidhani akijua sina kitu ataona alimpa binti yake mtu bure."

"Kwani mimi ni simu?" sista akasema. "Mko hatua tatu!" Kisha akatueleza kwamba dawa ya boksi la kumetameta na ile ya boksi la kawaida ni dawa ileile, tuulize jina la dawa yenyewe, na kwamba kukata tembe bila kuuliza ndiko kulikokuwa kunamrudishia kizunguzungu. Mama akapimwa, akaandikishwa, akapewa dawa za mwezi mzima, nzima nzima.

Tukarudi kwa matatu moja, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma kabisa, heshima imerudi mahali pake. Kizunguzungu kimeisha, na wiki jana alinitumia kuku kupitia mke wangu, na ujumbe: mwambie ale ashibe, mazoezi aliyofanya yanatosha.

Mimi nimeapa. Uzee nitausubiri ufike wenyewe, na siku nikiishiwa nitasema nimeishiwa, hata kama ni kwa kuuambia ukuta.