Mistari Miwili Niliyoikalia

Nina roho mbaya. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa wenzangu wa ofisini, maana Dodoma si kubwa hivyo.

Ofisi yetu inatunza kompyuta za zahanati za vijijini, zile ambazo wauguzi wanaandikia taarifa za kinamama wajawazito. Kuna kipindi zilileta balaa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka vizuri kabisa, lakini mafaili ya siku hiyo yanakutwa matupu. Jina la faili lipo, ndani hamna kitu. Muuguzi mmoja alinipigia simu akilia, na mimi nikaapa kwamba kosa hilo nitalitoa kwa mkono wangu.

Nilishajua haliko kwenye programu yetu. Lilikuwa chini zaidi, kwenye mfumo endeshi, sehemu ile inayopanga mafaili kwenye diski. Mfumo wenyewe ni wa wazi, unatengenezwa na watu wa dunia nzima, na ukirekebisha kosa jina lako linaandikwa pale na halifutwi. Nisikufiche, nililitaka hilo jina. Miaka kumi na minne nimekalia kiti kimoja, na sijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mahudhurio.

Mfumo wa mafaili una kumbukumbu yake ndogo pembeni. Kabla haujabadilisha kitu, unaandika kwanza unachotaka kufanya, ili umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka isome ile kumbukumbu na imalizie kazi. Kwa hiyo wiki tatu nzima nilikuwa nachomoa waya, nachomeka, nawasha, natazama. Mafaili yote mazima! Nachomoa tena, mazima. Mwishowe nikaanza kuwasema wauguzi kwamba hawajui kutumia kompyuta.

Tulikuwa tumepata mfanyakazi mpya, binti wa Kondoa, mpole, ananiamkia shikamoo kila asubuhi kana kwamba nina miaka themanini. Nilipoitwa kwenye mkutano wa siku mbili hapohapo ofisini nikamwachia lile tatizo. Moyoni nilijua halitamfikisha popote.

Siku ya pili, hata chakula cha mchana hatujala, akanifuata.

"Dada, ukijaribu, umeme unaukata mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani unataka niukate mara ngapi?"

"Mimi nimeukata mara mbili. Nyumbani kwetu umeme ukirudi mama haruhusu mtu kuwasha friji la barafu zake za kuuza. Tunasubiri ukatike tena, ukirudi mara ya pili ndipo tunauamini."

Loo! Mimi kwangu, mtaa wa Kikuyu, friji langu nalifanyia vivyo hivyo, na jirani zangu wote pia. Umeme wa kwanza kurudi nani anauamini? Lakini ofisini tuna betri ya akiba, hatuoni umeme ukikatika, na akili yangu niliiacha nyumbani pamoja na friji. Wauguzi wana foleni ya kinamama mlangoni, hawawezi kusubiri, ukirudi tu wanawasha. Kompyuta inaanza kusoma kumbukumbu yake, na katikati ya kazi hiyo umeme unakatika tena. Kosa lilikuwa papo hapo: mfumo ulikuwa unafuta kumbukumbu kabla ya kuhakikisha kwamba kazi imefika kwenye diski. Dawa yake, aliyokwisha kuiandika binti, ilikuwa mistari miwili ya maagizo ya kompyuta, ule wa chini upande juu. Basi!

Nilimpongeza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mkuu wa ofisi akaagizia watu wote soda, akasema hii ndiyo damu changa tunayoihitaji, na aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Sikuimaliza soda yangu. 

Kompyuta za zahanati tulizirekebisha kwa mtandao siku hiyohiyo. Kilichobaki ni kuyatuma marekebisho kwa wale watunzaji wa mfumo huko duniani, yule binti apate jina lake. Na utaratibu wetu ni kwamba kazi haitoki nje mpaka mkubwa wa kitengo aipitie. Mkubwa mwenyewe ni mimi.

Alinitumia kwa barua pepe Jumatatu. Nikafungua kiambatisho chake, nikasoma kwa dakika tano. Kazi safi. Nikasoma tena, nikitafuta kosa lolote, hata nafasi iliyozidi, nipate la kusema. Sikupata. Nikamwambia naipitia. Jumanne akauliza, nikamjibu, "Mambo haya hayataki pupa, mdogo wangu." Jumatano nikajifanya nina simu. Alhamisi nilikula chakula changu ndani ya gari ili tusikutane.

Ijumaa asubuhi zikaja habari. Mtu wa nchi ya mbali, ambaye hatumjui wala yeye hatujui sisi, alikuwa ametuma jana yake marekebisho yaleyale, na yamepokelewa. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa, kwamba kama si mimi basi na binti asipate.

Akaja mezani kwangu na kalamu na karatasi.

"Dada, kwenye yangu uliona kosa gani? Nataka niandike nisirudie."

Nilikuwa na uongo wa kutosha, nilikuwa nimeuandaa tangu Jumatatu. Lakini alikuwa amesimama pale kweli anasubiri kuandika, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Sikuona kosa," nikasema. "Niliona wivu. Nililitaka jina mimi."

Hakuandika. Sura yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua pa kujitetea.

"Dada, ujumbe wenyewe uliusoma? Ule niliouandika wa kwenda pamoja na marekebisho?"

Nilikuwa nimefungua kiambatisho tu. Nikaufungua ujumbe mbele yake. Alikuwa ameeleza vizuri jinsi umeme unavyokatika huku kwetu, na chini, mahali pa majina, kuna majina mawili. La kwanza lilikuwa langu, na mbele yake ameandika kwamba ndiye aliyelitafuta kosa hili kwa wiki tatu.

"Bila zile wiki zako ningeanzia wapi?" akasema. Halafu akachukua karatasi yake tupu, akarudi mezani kwake kuendelea na kazi.